Jicho la Mama Lilipobadilika Siku ya Nne

Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi walipomfungua bandeji alimtazama sista usoni, akamwambia, "Kumbe mwenyewe ni kibinti hivi!" Wodi nzima ikacheka. Tukarudi Pangani na matone yake, kinga ya plastiki ya kufunika jicho wakati wa kulala, na karatasi yenye namba ya simu ya kliniki. Karatasi ile niliichomeka chini ya redio nikaisahau.

Jumamosi jioni akasema anaona ukungu. "Kama nimevaa miwani ya mtu." Maumivu hakuyataja. Kaka yangu akasema ni kawaida, kidonda kinapona. Shangazi akasema ni moshi wa jikoni. Mimi, niliyekuwa na namba ya simu chini ya redio, nikasema tuone kesho.

Kesho yake jicho lilikuwa jekundu na linauma mpaka kwenye paji la uso. Kaka akaenda duka la dawa, akarudi na kichupa cha matone ya "kutoa wekundu". Usiku ule mama hakulala. Jumatatu alfajiri nilimmulika kwa tochi ya simu, nikaona kitu ambacho sijakisahau mpaka leo: ndani ya jicho, nyuma ya kioo chake, sehemu ya chini, palikuwa na utando mweupe uliotuama, mfano wa wanga uliokaa chini ya bakuli la maji ya muhogo. Ulikuwa usaha.

Kituo cha afya hapakuwa na daktari wa macho. Tabibu wa zamu alitazama mara moja tu. "Hili si la kungoja. Andaeni nauli, naandika rufaa."

Ugonjwa wenyewe kitaalamu unaitwa endofthalmaitisi. Ni bakteria walioingia ndani kabisa ya jicho na kuzaliana kwenye ule ute unaolijaza jicho kwa ndani. Msiuchanganye na macho mekundu ya kuambukizana yanayozunguka shuleni kila mwaka. Yale yako juu, kwenye ngozi laini ya jicho, na mengi hupona. Huu uko ndani, mahali ambapo kinga ya mwili haifiki vizuri, na retina inayotupa uwezo wa kuona iko pale pale pembeni inaungua. Baada ya upasuaji hutokea kwa nadra sana, pengine mtu mmoja kati ya elfu au hata pungufu, kwa hiyo simtishi mtu asiende kutolewa mtoto wa jicho. Nendeni. Lakini kwa huyo mmoja, saa zinahesabika.

Kule tulikopewa rufaa, daktari wa macho aliinua vidole mbele ya mama. "Vingapi, bibi?" Hakuviona. Akapunga mkono. "Naona kitu kinapita," mama akasema. Daktari akaandika haraka, na ni baadaye ndipo nilipoelewa alikuwa anaandika nini. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 1995, wagonjwa 420, wote wenye ugonjwa huu baada ya upasuaji. Waliokuwa bado wanaona mkono ukipunga walitibiwa kwa sindano wakapata nafuu sawa na waliopelekwa thieta moja kwa moja. Waliofika wakiona mwanga tu, kuondolewa ute kwa upasuaji kuliwasaidia zaidi waziwazi. Mama alikuwa amesimama mpakani. Siku ile moja na nusu tuliyoichezea nyumbani ndiyo iliyomfikisha hapo.

Sindano inachomwa ndani ya jicho lenyewe. Najua ukisoma hapo umefumba macho. Hata mimi nilitoka nje. Lakini wanatia ganzi kwanza, na mama mwenyewe alisema maumivu ya Jumapili yalikuwa makubwa zaidi. Wanavuta ute kidogo kwa ajili ya maabara, halafu wanaingiza antibayotiki mbili, vankomaisini na seftazidimu, kila moja sehemu ya kumi ya mililita. Hawangoji majibu ya maabara, kwa sababu dawa hizo mbili kwa pamoja zinagusa karibu kila bakteria anayehusika. Kaka, ambaye kwa imani yake hakuna ugonjwa usiotaka dripu, aliuliza kwa nini hawamtundikii. Akajibiwa kwamba dawa ya kwenye damu inakuta ukuta kabla ya kufika ndani ya jicho, na ule utafiti wa 1995 uliona dripu zilizotumika hazikuongeza kitu. Matone nayo hayazami kiasi cha kutosha. Ndiyo maana kile kichupa cha dukani kilikuwa sawa na kumwagia maji paa wakati moto uko chumbani. Na mengine kati ya matone hayo yana steroidi: hufifisha wekundu huku bakteria wakiendelea na kazi, nanyi mnakaa nyumbani mkidhani mnapona. Steroidi aliyoandika daktari wako baada ya upasuaji ni jambo jingine, hiyo endelea nayo kama ulivyoelekezwa.

Siku mbili baadaye usaha ulikuwa haujapungua vya kutosha, akachomwa tena. Baada ya hapo ukaanza kushuka. Maabara walimpata stafilokokasi wa kawaida anayeishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu. Daktari alisema hapo tuna bahati, kwani jamaa yake, streptokokasi, ni mkali kuliko huyo na huacha macho mabovu zaidi.

Kule nyumbani kesi ilikuwa imeshahukumiwa. Shangazi alikuwa anamlaumu wifi yangu kwa moshi, na wifi anadai mama alijimwagia maji usoni akitawadha kwa ajili ya Ijumaa. Nilimuuliza daktari kwa siri, kwa sababu yale maji nilimpelekea mimi. Akaniambia bakteria hawa mara nyingi hutoka kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na huingia wakati wa upasuaji au muda mfupi baada yake, hata pale kila mtu alipofanya kazi yake vizuri. Maji usoni siku za mwanzo hayafai, na kwa wenzangu Waislamu, muulizeni shehe mapema kuhusu kutayamamu badala ya kubahatisha. Lakini msitafute mchawi ndani ya nyumba. Mnapoteza muda wa nauli.

Sasa nikwambie ningefanya nini. Kwanza ile karatasi ingebandikwa ukutani. Kila asubuhi kwa wiki mbili ningemfunika mama jicho jingine na kumwonyesha kitu kile kile. Sisi tuna kalenda ya SACCOS mlangoni. Jicho lililofanyiwa upasuaji linatakiwa kuwa zuri kila siku kuliko jana. Likirudi nyuma, hata kama haliumi, ondokeni siku hiyo hiyo. Katika wagonjwa wale 420, karibu robo hawakuwa na maumivu, na ndilo lililotudanganya Jumamosi. Na ukifika dirishani usiseme "anaumwa macho", utakaa benchi mpaka adhuhuri. Sema hivi: "Amepasuliwa jicho wiki hii, ameanza kupoteza kuona." Kama ulipo hakuna mtaalamu, uliza rufaa ya Muhimbili au CCBRT kwa Dar, KCMC kwa kaskazini.

Na kabla ya upasuaji wenyewe, usione haya kuuliza kama watasafisha jicho kwa ayodini na kama wanaweka antibayotiki ndani ya jicho mwishoni. Utafiti wa Ulaya wa 2007 uliona dawa hiyo ya mwishoni ilipunguza hatari karibu mara tano.

Neno moja kwa mafundi wa kuchomelea na wakulima. Jicho likichomwa na chuma au mwiba, bakteria wa udongo wanaweza kulimaliza ndani ya siku moja au mbili. Usikichomoe, usilioshe, usiliminye, usilitie asali wala maziwa ya mama. Lifunike kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, uende.

Mama leo anachambua mchele kwa jicho lile, ingawa uzi kwenye sindano ananiachia mimi. Mwaka uliofuata alikubali kufanyiwa na la pili. Nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, na kila asubuhi nilimsimamisha mbele ya kalenda. Siku ya nne alisoma tarehe bila kusita, akageuka akaniuliza kwa nini hatujafungua ukurasa wa mwezi mpya.