Unataka kujenga kichwa cha treni kwa mikono yako? Anza na bogi

Mwaka wa nne huu najenga kichwa cha treni kibarazani kwangu hapa Igogo, Mwanza, cha dizeli, mfano mdogo wa zile treni za reli yetu tunazoziita 88, hakifiki mita moja kwa urefu ila kila mlango upo na kila bawaba ipo. Kila anayekuja nyumbani anaangalia bodi, anashikashika vishikio, anapiga picha, halafu anaondoka anasema na yeye ataanza cha kwake. Na wakianza wote wanaanza na bodi. Jamani msianze na bodi. Anza na bogi, yaani kile kiunzi cha chini kabisa kinachobeba magurudumu, kabla hujakata hata kipande kimoja cha bati la juu. Mimi bodi nimeijenga mara mbili na ile ya kwanza ilinila mwaka mzima.

Ila kabla ya hapo chagua kichwa kimoja ukae nacho. Mimi nilichagua 88 kwa sababu ndo nimekua nazo, mlio wake unausikia kifuani kabla hujaiona. Zilitengenezwa Montreal huko Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati huo reli bado ni ya Afrika Mashariki nzima, shirika lilipovunjika 1977 zikaendelea na kazi huku kwetu. Ndani kuna injini ya Alco ya silinda 12, hiyo inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme ndo unaenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, vile vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili huko chini. Hili lijue mapema maana ndo linakueleza kila unachokiona nje. Ile milango mingi ubavuni ni ya fundi kuifikia injini, nyavu kubwa huku mwishoni ni hewa ya rejeta, nyaya nene zinazoshuka kwenye bogi ni za mota. Ukishajua kitu kina kazi gani huwezi kukiweka pasipo pake.

Skeli sasa. Reli yetu hii ya zamani ni milimita 1000 kutoka reli hadi reli, kwa hiyo ukichukua 1 kwa 20, yaani kila kitu unakipunguza mara 20, njia yako inakuwa milimita 50 kamili, na kila sentimita 10 za kweli ni milimita 5 mezani, hesabu unaifanya kichwani huku umeshika msumeno. Wenzetu wa treni za bustani huko Ulaya wanatumia njia ya milimita 45, kampuni ya LGB ya Ujerumani ndo iliieneza tangu 1968, na ile skeli yao ya 1 kwa 22.5 inawakilisha reli za mita moja kama yetu hii hii, kwa hiyo kama una ndugu nje anayeweza kukubebea magurudumu na reli chukua hiyo wala usijiulize mara mbili. Mimi sina nikaenda na 20. Usichanganye tu na SGR, ile reli mpya ya kisasa inayojengwa kutoka hapa Mwanza kwenda Isaka, ile ni milimita 1435, kwa 1 kwa 20 ni karibu 72, ukipakua picha mtandaoni angalia kwanza unatazama reli ipi.

Vipimo: omba ruhusa. Reli na bandari ni sehemu nyeti, usiende na simu yako ukaanza kupiga picha halafu ukashangaa umeitwa pembeni. Mimi nilienda kwanza mikono mitupu, nikaeleza nataka nini, nikarudi siku nyingine na daftari na fimbo ya mita moja niliyoipaka rangi nyeupe na nyekundu kila sentimita 10. Fimbo ile ni bora kuliko futi kamba, unaisimamisha kando ya kitu unachopiga, ukifika nyumbani picha yenyewe inakupa kipimo. Simama mbali uvute kwa zumu, ukisogea karibu picha inapinda, sehemu ya katikati inanenepa na ncha zinakimbia. Na picha za zamani ambazo hazina fimbo bado zina reli, na reli unaijua ni mita moja, ila itumie kupima vitu vilivyo sambamba nayo kwenye umbali uleule, usiitumie kupimia bomba lililoko nyuma mita nne.

Haya, bodi yangu ya kwanza. Nilikata plaiwudi ya sakafu, nikajenga kabini, boneti, milango, nikapaka mpaka rangi, ilikuwa nzuri kwa kweli. Ikabaki bogi tu. Nikaja kugundua mota niliyonunua haiingii chini ya sakafu, nikainua sakafu milimita 12. Milimita 12 unaona ndogo, lakini zidisha mara 20 ni sentimita 24, kichwa kizima kikasimama kama ng'ombe aliyepanda juu ya mawe, na mtu yeyote aliyewahi kuona treni alijua kuna kitu hakipo sawa hata kama hawezi kukisema. Sikuwa na pa kupunguza. Nikaibomoa. Bogi ndo inayokuambia sakafu ikae wapi, sakafu ndo inaiambia bodi, na mfuatano huo haugeuziki.

Sasa magurudumu. 88 ina bogi mbili, kila moja ekseli 3, jumla magurudumu 12. Usijaribu kuyachonga kwa drili na tupa, nimeona mtu anajaribu, nenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Lakini usiende na maneno matupu. Mzee niliyempelekea alinisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Kijana wangu, hii si bushi ya trekta?" Nikamwambia hapana mzee, ni gurudumu la treni, akacheka, akaniambia niende nikalichore. Nikarudi na umbo la gurudumu nimelikata kwenye bati, yaani ubavu wake kamili, akawa anaweka lile bati kwenye chuma kila akipunguza kidogo mpaka mwanga haupiti. Muonyeshe vitu viwili: ile kingo ya ndani inayozuia gurudumu lisitoke kwenye reli, na kwamba uso wa gurudumu haujanyooka, una mteremko mdogo kwenda nje, kama 1 kwa 20. Mteremko huo ndo unairudisha ekseli katikati ya njia yenyewe. Ukikereza bapa kichwa chako kitatembea kinagonga huku na huku.

Halafu kona. Kona ya kweli yenye nusu kipenyo cha mita 100 kwako ni mita 5, na nani ana uwanja huo huku mlimani, mimi njia yangu inazunguka kwa mita 2. Bogi ya ekseli 3 kwenye kona kali hivyo, ekseli ya katikati inataka kwenda pembeni, ukiikaza inapanda juu ya reli. Hesabu yake ni nyepesi: chukua umbali wa ekseli ya kwanza na ya tatu, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa nusu kipenyo mara 8. Tuseme bogi ni milimita 180, zidisha unapata 32400, gawa kwa 16000, jibu milimita 2. Basi ekseli ya kati iache icheze milimita 2 kila upande, na zile mbili za pembeni zikaze. Mimi nilikaa wiki tatu nalaumu reli kabla sijaifanya hesabu hii ya dakika mbili.

Bodi ya pili niliijenga kwa makopo. Hapa mjini tuna sehemu inaitwa Makoroboi, na koroboi ni kile kibatari cha kopo, na mafundi bati wanaotengeneza vibatari wanajua kuunganisha bati jembamba kuliko mtu yeyote mwenye vifaa vya bei. Nilikaa na mmoja siku nne, nilijifunza pale kuliko video zote nilizoangalia. Kopo la maziwa la chuma lina unene wa kama milimita 0.2, mara 20 ni milimita 4, mlango wake unaaminika kabisa. Kwangua ile rangi ya ndani mpaka chuma king'ae, weka dawa ya kulehemia kidogo, pasha bati lenyewe mpaka risasi ya kulehemia ikimbie yenyewe, usipashe risasi. Ukimaliza osha kwa maji ya moto na sabuni maana dawa ikibaki itakula kiungo, baada ya mwezi utaona kutu. Kopo la soda achana nalo, ni aluminiamu, halishiki. Na bati lenye zinki usilipige moto wa gesi chumbani, moshi wake unatia homa.

Vishikio nimetumia waya wa umeme. Ule unaoitwa 2.5 sio milimita 2.5, hiyo ni eneo la shaba ukiukata, unene wake ni karibu milimita 1.8, ambayo kwa 1 kwa 20 ni bomba la milimita 36, sawa kabisa na mkono unavyotegemea. Sehemu zinazoshikwashikwa na watoto weka spoki ya baiskeli. Ribiti nilizipiga kwa msumari butu upande wa nyuma, bati likiwa juu ya mpira wa ndala.

Mota ni ya drili ya chaji iliyokufa betri, moja kila bogi, na umeme wa seli tatu za kutoka ndani ya betri ya laptopu zilizofungwa mfululizo, zinakupa volti 11 hivi. Hapo naomba msinizoee: usichomee seli hizo kwa ayani ya kulehemia, zinaweza kulipuka, nunua kishikizi chake na kile kibao cha kuzilinda.

Rangi paka asubuhi, na soma upepo. Jioni wale wadudu wadogo wa ziwani wanakuja kama moshi kutoka majini, wanaifuata taa, na nilipoteza ubavu mzima wa kushoto kwa nusu saa, wamejaa kwenye rangi mbichi, nikausugua wote kwa msasa upya. Siku hizi nafunika na chandarua.

Nimebakiza paa. Kutoka chini halionekani na sijapata ruhusa ya kupanda juu, ila daraja la waenda kwa miguu linaloangalia reli linatosha, nimeona picha moja ya mtu aliyepiga akiwa darajani na feni ya rejeta ilionekana vizuri. Kama una picha ya namna hiyo ya 88, hata ya zamani, hata imefifia, niwekee hapo chini uniambie na mwaka.