Orangutani na sokwe wa Gombe, nani ndugu wa nani?

Kaka wa Kondoa, umeuliza kama orangutani na sokwe wa Gombe ni ndugu wa karibu. Hapana. Sokwe yuko karibu zaidi na sisi Wagogo na Warangi kuliko na orangutani, yule mwekundu wa Borneo na Sumatra (msinitupie mawe hapa Dodoma). Ukoo wa orangutani ulijitenga zamani sana, zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, na jamaa zake wengi wameshatoweka. Mmoja wa hao waliotoweka, Sivapithekasi wa Pakistani, alikuwa na uso kama wa orangutani kabisa. Halafu lile jitu la China, Gigantopithekasi: mwaka 2019 protini za jino lake la miaka kama milioni 1.9 zilionyesha ni binamu wa orangutani. Fuvu zima halijapatikana, ni meno na taya chache tu.