Mtoto anatimiza miezi sita: tazama uzito wa uji kabla ya kuhesabu nafaka

Dada, hongera kwa kumfikisha mtoto hapo kwa ziwa lako peke yake. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, mama mkwe ameshasagisha unga wa lishe wa aina tisa na anataka mtoto aanze nao wiki ijayo. La pili, jirani anakwambia usubiri hadi miezi minane, kwa sasa umpe maji ya matunda tu. Mimi nina watoto wawili. Wa kwanza nilimkosea, wa pili nikajua cha kufanya, na tofauti yao ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu. Naishi Mwanza, kwa hiyo utaona nataja dagaa na viazi kila mahali. Wewe weka kinachopatikana kwenu.

Kwa ufupi: miezi sita ikitimia, anza. Usisubiri minane, na maji ya matunda usiyahesabu kama chakula. Huo unga nao una nafasi yake, nitaufikia.

Binti yangu mkubwa nilimwanzishia uji akiwa na miezi minne. Likizo ya uzazi ya siku 84 ilikwisha, nikajitahidi na maziwa ya kukamua kwa wiki kadhaa, kisha nikaona siwezi. Sikujua kwamba sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi akamnyonyeshe mtoto. Ningejua ningeomba, maana kutoka ofisini hadi nyumbani ilikuwa daladala moja tu. Na wewe kama umeajiriwa, omba.

Unga nilinunua kwa mama mmoja anayeuza nafaka. Mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, soya, karanga, hadi mbegu za maboga. Dada wa nyumbani alikuwa anaupika mwepesi ili upite kwenye chuchu ya chupa. Mtoto anamaliza chupa, tumbo linajaa, analala fofofo. Mimi nikirudi jioni nakuta chupa tupu na moyo unatulia. Miezi sita alikuwa na kilo 6.3. Nilipompeleka chanjo ya surua ya miezi tisa alikuwa na kilo 6.4. Miezi mitatu ya kumaliza chupa, gramu mia moja. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa umelala, na nukta ya mwisho imeingia kwenye kijivu, eneo la uzito pungufu.

Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Kwenye kikombe cha uji mnaweka vijiko vingapi vya unga?" Nikapiga simu nyumbani, nikaambiwa kijiko kimoja kikubwa, wakati mwingine hakijai. Akanipigia hesabu pale pale mezani, na sijaisahau. Kijiko kimoja cha unga kina nishati ya kama kilokalori 35. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji kama 200 kwa siku nje ya maziwa ya mama, na kuanzia miezi tisa kama 300. Tumbo lake linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani kwa mtoto wangu lilikuwa halifiki hata kikombe kimoja. Sasa lijaze tumbo hilo maji yenye kijiko kimoja cha unga, halafu akiwekwa kifuani hana nafasi ya kunyonya. Nilikuwa namnyang'anya maziwa yangu na kumrudishia maji. Nafaka ziwe tisa au ishirini, zote zilikuwa zimo ndani ya kijiko kile kile kimoja.

Kwa hiyo dada, kitu cha kwanza kabisa ni uzito wa uji. Chota uji au chakula kilichopondwa kwa kijiko, kiinamishe. Kikidondoka chenyewe taratibu, au kibaki kijikoni, ni sawa. Kikimwagika kama chai, rudisha jikoni. Chupa ya kunyonyea weka kabatini. Tumia bakuli na kijiko kidogo. Ukitaka kuongeza nguvu bila kuongeza wingi, kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina nishati nyingi kuliko kijiko kile kikubwa cha unga. Karanga zilizosagwa laini, parachichi, tui zito la nazi, vyote vinafanya kazi hiyo hiyo.

Kuna mtoto ambaye uji mzito unamshinda kumeza, na hapo ndipo wazee wetu walipokuwa na dawa yao: kimea. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu hadi uchipue, anika jua kali ukauke vizuri, saga. Ukiona ukungu mahali popote, tupa wote. Pika uji mzito kabisa, karibu na ugali laini, epua, usubiri upoe kiasi cha kuweza kuuonja, ndipo uweke kijiko cha chai cha kimea na kukoroga. Ndani ya dakika chache utaona uji unalegea mbele ya macho yako, na hujaongeza hata tone la maji. Kisha urudishe motoni uchemke kidogo. Usikitie kimea kwenye uji unaotokota, hakitafanya kazi. Taasisi ya Chakula na Lishe iliwahi kukifundisha sana kimea hiki, na sijui kwa nini siku hizi kliniki hawakitaji. Mama mkwe wako akisikia ataelewa haraka kuliko wewe, kwa sababu ni kimea kile kile cha wapika pombe.

Sasa huo unga wenyewe. Mambo mawili yananitia wasiwasi. Soya ikisagwa mbichi inamsumbua mtoto tumbo, na protini yake hainyonywi ipasavyo. Inatakiwa ichemshwe kama nusu saa, imenywe maganda, ianikwe, ikaangwe, ndipo isagwe. Wauzaji wengi wanaisaga kama ilivyo. Pili, mahindi na karanga ndiyo makao ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na wengi wao walikuwa watoto. Kupika hakuiondoi, na ukishasaga huwezi kuona punje iliyooza. Kwa sababu hiyo mimi sinunui tena unga wa mtoto uliosagwa tayari. Nanunua punje, nachambua kwa mkono, yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi naitupa, nasagisha kilo moja tu kwa wakati. Tena nachanganya vitu viwili au vitatu, basi. Karanga na soya zina mafuta, zikisagwa na kukaa mwezi mzima unga unachacha.

Lakini nataka uache kabisa kufikiria uji kama chakula cha mtoto, na vingine kama ziada. Mwanangu wa pili, wa kiume, siku ya kwanza alikula kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, kimechemshwa, kimepondwa kwa uma, kimelainishwa kwa maziwa yangu mwenyewe. Vijiko viwili. Alikunja uso, nusu ikatoka kwa ulimi. Kesho yake tena. Siku ya tatu alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Wiki ya pili tulikuwa na parachichi, boga, ndizi, na uji mzito wa ulezi. Kila kipya nilikirudia siku mbili tatu ili nikiona vipele au kuharisha nijue kimetoka wapi.

Wiki ya tatu nikaanza na vitu ambavyo watu wanavichelewesha bila sababu: nyama, samaki, mayai, maini, maharage. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini chuma kutoka tumboni kwa mama, na akiba hiyo inapungua sana kufikia miezi sita. Maziwa ya mama ni mazuri kwa kila kitu lakini madini chuma yake ni kidogo. Ndiyo maana kusubiri hadi miezi minane kwa maji ya matunda kunaniuma nikisoma. Miezi miwili hiyo damu inashuka na hakuna anayeona. Maini ya kuku nilikuwa nachemsha, naparua kwa kisu, nachanganya na viazi, mara moja kwa wiki. Maharage nayaloweka, nayapika yaive kabisa, nayapitisha kwenye chekeche maganda yabaki juu, kisha kipande cha papai au maji ya chungwa kidogo wakati huo huo, maana vitamini C inasaidia madini chuma ya maharage na mboga kunyonywa. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo asionjeshwe.

Mayai niliambiwa yatamchelewesha kusema. Nilimpa yai lililochemshwa likaiva vizuri, tangu mwezi wa saba, na leo ana miaka mitatu, anaongea kutwa.

Dagaa wanastahili sentensi zao. Pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, unapata dagaa wakavu kwa bei ambayo hata mwisho wa mwezi inawezekana. Chagua waliokauka vizuri, wasionuka, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu nne mchanga uishe, waanike tena, wakaange bila mafuta hadi wavunjike, twanga, chekecha. Kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli la viazi au ugali laini na mchicha. Protini, kalsiamu kwa sababu anakula na mifupa, madini chuma, vyote humo. Usinunue wenye chumvi. Chumvi na sukari mtoto wa chini ya mwaka hazihitaji kabisa, na asali asipewe kabla ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvizuia.

Kipimo: anza vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe mara tatu. Miezi tisa hadi kumi na moja, nusu kikombe au zaidi mara tatu au nne, na kipande cha ndizi au kiazi mkononi katikati. Akitimiza mwaka anakula mlichopika nyote, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, kwenye bakuli lake mwenyewe ili ujue amekula kiasi gani. Ziwa linaendelea muda wote huo hadi miaka miwili. Mwanzoni nilikuwa namnyonyesha kwanza, chakula baada ya saa moja hivi.

Jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili ni la kumlaza mtoto mapajani na kumnywesha uji kwa kiganja, huku pua imebanwa au mikono imeshikwa. Binti yangu alifanyiwa hivyo nilipokuwa kazini, kwa nia njema, ili amalize. Siku moja alipaliwa, midomo ikabadilika rangi. Mungu alisaidia, jirani alimpindua kifudifudi na kumpiga mgongoni. Kwa miezi mingi baadaye alikuwa akiona kijiko analia. Mtoto akae wima, akutazame, ule naye, usubiri. Akigeuza uso mara tatu, ameshiba au hajisikii. Toa bakuli, jaribu baadaye. Chakula alichokikataa leo unaweza kumpa tena mara nane au kumi kabla hajakipenda, na hiyo ni kawaida. Kukohoa na kutoa ulimi ni kujifunza. Anayepaliwa kweli hatoi sauti. Karanga nzima, zabibu nzima na vipande vigumu vya karoti mbichi visimkaribie.

Na uji wa kwenye chupa ya chai tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, acha. Joto lile la uvuguvugu ndilo wadudu wanalolipenda. Chakula kilichopikwa kikipita saa mbili nje, mimi nakula mwenyewe au natupa. Mikono ioshwe kwa sabuni, yako na yake. Akiharisha usikate ziwa wala chakula, mpe kidogo kidogo mara nyingi, maji ya ORS ya kurudisha maji mwilini, na zahanati. Siku mkienda kliniki kwa miezi sita uliza matone ya vitamini A, na usiondoke bila kuonyeshwa mstari kwenye kadi umeelekea wapi. Kilo peke yake haikwambii kitu. Mwelekeo ndio unaosema.

Sasa kwa mama mkwe. Usimrudishie unga wake, amesagisha kwa mapenzi. Muulize kwa heshima soya aliichemsha, na karanga alizichambua mwenyewe? Akisema ndiyo, upike mzito, vijiko vitatu au vinne vya unga kwenye kikombe, na umpe mtoto mlo mmoja tu kwa siku. Milo mingine itoke kwenye chungu chenu kabla hujatia chumvi. Akisema hakuchemsha, mwambie "Mama, naomba huu tunywe sisi wakubwa, tuuchemshe sana", kisha umkabidhi kazi ya kimea na kutwanga dagaa. Mama mkwe wangu alipokabidhiwa dagaa alikuwa anakuja kila Jumamosi na kopo lililojaa, na mjukuu wake wa pili alitimiza miezi tisa akiwa na kilo 8.7.