Vifaa vya mkono vya fundi wa mashine za fotokopi: uanze na vipi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi nilikuwa natengeneza simu na laptop, sasa nimepata nafasi kwenye mashine za fotokopi za maofisini, zile kubwa za kusimama chini. Ninayo seti yangu ya bisibisi ndogo za simu. Kuna boksi nimeliona lina vipande zaidi ya 100, bisibisi za kubadilisha ncha, soketi, plaizi, mpaka nyundo imo. Nichukue hilo au ninunue kimojakimoja? Halafu vakyumu ya kawaida ya kufagilia naweza kunyonyea tona, ule unga wa wino? Na bisibisi ya chaji je, maana skrubu za mashine hizi ni nyingi mpaka kiganja kinauma.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Boksi achana nalo. Siyo kwamba vyote vilivyomo ni vibaya, ila shida yake ni kwamba hela yako inagawanywa kwenye vitu 100 halafu vile vitatu vinne utakavyovishika kutwa nzima vinakuwa vya chuma laini. Na jambo lingine watu hawaliangalii, bisibisi ya kubadilisha ncha shingo yake ni nene, sasa kwenye mashine ya fotokopi skrubu nyingi zimekaa ndani ya tundu refu jembamba la kava, ncha inaishia njiani kwa sababu ile shingo imegota mdomoni mwa tundu. Hapo utazunguka na hilo boksi lako mashine nzima na skrubu unaiona kwa macho lakini huifikii.

Hela nzuri iweke kwenye bisibisi ya nyota namba 2. Hii ndiyo kazi yenyewe, mengine yote yanafuata. Skrubu nyingi za mashine hizi ni M3 na M4, yaani unene wa milimita 3 na 4, na zote hizo zinataka namba 2. Wewe uliyetoka kwenye simu ndiyo nakuonya hasa, kwa sababu ukiiona M3 jicho lako litakwambia ni ndogo na mkono utaenda kwenye namba 1, itaingia na mara ya kwanza itafungua vizuri tu, siku ukikutana na iliyokazwa inazunguka ndani ya kichwa na kukila, basi hapo umeshaanza habari ya kutafuta dreli. Namba 1 ni ya M2 mpaka M2.6, utaikuta kwenye visensa na vitu vidogo vidogo, kwa hiyo moja ya hiyo inatosha.

Hiyo namba 2 nunua urefu tofauti tofauti. Moja ya kawaida yenye shina la milimita 100 hivi, moja ndefu ya 200 au 250 ya kufikia skrubu zilizojificha nyuma ya fremu, na moja kibonge, ile fupi ambayo mpini unajaa kiganjani, ya sehemu ambazo kati ya skrubu na ukuta wa mashine hapapiti kitu. Ncha ziwe na sumaku, maana skrubu ikidondoka ndani ya gia utaitafuta mpaka uchoke na huwezi kuwasha mashine mpaka uipate. Ila hiyo sumaku uiangalie unapofika kwenye yuniti ya devolopa, ile inayopeleka tona kwenye dramu, ile poda yake ndani ina chembe za chuma, ncha ya sumaku inatoka hapo ina ndevu na zile ndevu ukizipeleka kwenye dramu, ile silinda inayobeba picha ya kopi, zinakwaruza.

Sasa kuna hili la JIS, kiwango cha viwanda cha Japani, ambalo mafundi wengi wanafanya kazi miaka bila kulijua. Canon, Ricoh, Kyocera, Sharp, Konica Minolta, hawa wote ni Wajapani, na nyota ya skrubu za kiwango cha Japani umbo lake siyo sawasawa na nyota ya Phillips hata kama kwa macho zinafanana. Ncha ya Phillips haikai yote ndani, inabaki inacheza, ukiongeza nguvu inaruka nje na kuondoka na kona za kichwa. Nyingi ya skrubu hizo utaona zina kinukta kidogo pembeni ya nyota. Tafuta bisibisi iliyoandikwa JIS, Vessel wa Japani wanazitengeneza, na uzuri wake ni kwamba hiyo hiyo kwenye skrubu za Phillips inafanya kazi vizuri tu, kwa hiyo huhitaji seti mbili. Kama huipati kwa sasa, tumia Phillips nzuri ambayo ncha haijachakaa na uikandamize kwa nguvu kuliko unavyoizungusha. Ncha ikishaanza kuwa mviringo tupa, usiionee huruma, bisibisi iliyochoka inaharibu skrubu za watu.

Bapa nunua mbili, moja ya milimita 3 na nyingine pana kidogo. Hiyo ndogo kazi yake kubwa siyo skrubu, ni kutolea zile klipu za umbo la E zinazoshika rola na gia kwenye shafti. Unaweka ncha kwenye upenyo kati ya klipu na shafti, unapindisha kidogo, na dole gumba la mkono wa pili liwe juu yake tangu mwanzo, siyo baada ya kuisikia imeruka. Kurudisha unaisukuma kwa plaizi ya mdomo mrefu. Nunua na pakiti ya klipu za akiba za saizi mchanganyiko maana zinapotea hata ukiwa makini vipi.

Kitu ambacho boksi lako halina kabisa ni ndoano ya springi. Ni kijichuma kirefu chembamba, ncha moja imepinda ya kuvutia na nyingine ina kijibonde cha kusukumia. Fyuza, ile sehemu ya moto inayogandisha tona kwenye karatasi, ina springi ngumu za kubana rola na springi ndogondogo za kucha za kuachanishia karatasi, na kwenye mikanda pia kuna springi za kukaza. Watu wanazivuta kwa plaizi, zinanyooka shingo, ukizirudisha hazina nguvu ile, halafu wiki mbili baadaye ofisi inapiga simu karatasi zinajikunja na hakuna anayekumbuka springi. Ndoano haina gharama kubwa na inakaa miaka.

Plaizi ya mdomo mrefu, plaizi ndogo ya kukatia zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, na kibano kirefu cha kutolea vipande vya karatasi vilivyochanika ndani. Kama unaweza kupata ile mikasi ya hospitali ya kubana inayojifunga yenyewe, chukua, inashika kipande cha karatasi na haikiachii, kwenye kukwama kwa karatasi ni tamu sana. Funguo za aleni za 1.5, 2, 2.5 na 3 zinatosha, kuna puli zina skrubu ndogo za ubavuni. Torx, ile nyota ya pembe sita, T10 na T15 weka kama utagusa HP. Soketi na nyundo sahau.

Seti yako ya simu usiitupe kabisa. Vile vijiti vya plastiki vya kufungulia kava za simu ndivyo vitakuokoa huku, maana rola ya fyuza na dramu ni vitu vya kuguswa na plastiki tu au visiguswe. Ukikwaruza dramu kwa bapa hata kidogo, ule mstari utatoka kwenye kila kopi mpaka dramu ibadilishwe, na mteja hatakuelewa. Mkanda wa kuvaa mkononi wa kuondoa umeme tuli nao uje nao, vaa unaposhika bodi mashine ikiwa imechomolewa, lakini ukiwa unapima kitu mashine inawaka uvue. Tochi iwe ya kichwani, mikono miwili yote utaihitaji.

Tukija kwenye vakyumu, hapana. Tona ni laini mno, chembe zake ziko kwenye mikromita 5 mpaka 10 hivi, kwa hiyo filta ya vakyumu ya kawaida inazipitisha, unanyonya mbele na nyuma inakutemea chumba kizima. Tena unga mwembamba vile ukipita kwenye mota yenye cheche, na bomba la plastiki linalotengeneza umeme tuli, siyo mchanganyiko wa kuchezea. Vakyumu ya tona ina filta ya unga laini na bomba linalopitisha umeme kwenda ardhini. Kama bado hujaipata, brashi laini na kitambaa kikavu, taratibu, na usipulize kwa kompresa maana unaisukuma tona kwenye kioo cha leza na kwenye kifua chako. Ikikumwagikia mikononi au kwenye nguo, pangusa kwanza kisha osha kwa maji baridi. Maji ya moto yanailainisha inashika, si unajua ndiyo maana fyuza inapashwa moto.

Multimita ya kawaida inatosha, utapima volti 24 za mota, volti 5 za sensa, fyuzi, na thamista, yaani visensa vya joto, za kwenye fyuza. Ila usijaribu kupima nayo chaja ya dramu, ile inayoitia dramu umeme, kule ni maelfu ya volti na hiyo mita haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Bisibisi ya chaji, ndiyo, lakini ile nyembamba ya mkono yenye klachi, inayoacha kukaza ikifika nguvu uliyoiweka, siyo dreli. Itumie kufungua kava za nyuma ambako ndiko skrubu zimejaa. Kufunga funga kwa mkono, hasa zinazoingia kwenye plastiki: weka skrubu, izungushe kinyume polepole mpaka uisikie imedumbukia kwenye njia yake ya zamani, ndiyo uanze kukaza. Mashine ya chaji haina subira hiyo, inachonga njia mpya kila mara, na baada ya sevisi chache tundu limekuwa kubwa na kava inaning'inia. Na ukifungua, usichanganye skrubu za plastiki na za chuma kwenye kopo moja, tafuta kiboksi chenye vyumba vyumba, kwa sababu skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutokezea upande wa pili ikakuta waya au gia.