Nchi mia moja na zaidi: maswali yenu kuhusu klabu ya wasafiri

Tangu nigusie hapa habari za Travelers' Century Club, klabu ya watu waliotia mguu katika nchi mia moja na kuendelea, maswali yamemiminika. Wengine wanataka kujiunga, wengine wamekasirika, na mmoja ana ugomvi na mumewe. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Hiyo klabu ipo kweli, au ni maneno ya watu? Na wanaingiaje?

Ipo, na si ya jana. Ilianzishwa California mwaka 1954 na watu waliokuwa wamezunguka dunia sana. Leo ina matawi Marekani na nje yake. Sharti lake kuu ni moja: uwe umefika nchi na maeneo 100 au zaidi kati ya yaliyomo kwenye orodha yao. Orodha hiyo ina majina 330. Mwenye 75 hadi 99 anaweza kupokewa kama mwanachama wa muda huku akikamilisha. Ukishakuwa ndani kuna ngazi: 150 ni fedha, 200 dhahabu, 250 platinamu, 300 almasi.

Wala si klabu kongwe kuliko zote za aina yake. Circumnavigators Club, ya watu walioizunguka dunia, ilianza New York mwaka 1902.

Majina 330 yametoka wapi? Mwalimu wangu wa jiografia alinifundisha nchi 193.

Mwalimu wako hakukosea. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, na wa mwisho kuingia ni Sudan Kusini, Julai 2011. Ukiongeza Vatikani na Palestina, ambazo ni waangalizi, unapata 195. Hiyo ndiyo hesabu ya wengi wanaosema wamemaliza dunia. Jessica Nabongo, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi kutoka Uganda, alipofika Shelisheli Oktoba 2019 na kutangaza kwamba amemaliza, alikuwa akizihesabu hizo 195. Wengine huongeza Kosovo na Taiwan, na hapo mabishano huwa hayaishi.

Klabu hii inapima kwa namna nyingine. Eneo likiwa mbali na nchi mama, au likijitawala kwa utaratibu wake, au watu wake wakiwa wa asili tofauti, linaweza kupewa mstari wake. Ndiyo maana Alaska na Hawaii hazihesabiwi pamoja na Marekani. England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini ni nne. Falme za Kiarabu ni saba, kila emireti na nafasi yake, kwa hiyo mwenye gari na siku mbili tatu anaweza kutoka Abu Dhabi akazimaliza zote bila kuonyesha pasipoti. Uturuki ni mbili, ya Ulaya na ya Asia. Zanzibar nayo imo, kando ya Tanzania bara. Hata Antaktika imekatwa vipande kufuata nchi zinazoidai.

Naipenda orodha hiyo, na nitasema kwa nini. Anayehesabu 195 akifika Jakarta amemaliza Indonesia, anapanda ndege anaondoka. Anayehesabu 330 bado ana Sumatra, Kalimantan, Sulawesi na Papua mbele yake. Orodha inamsukuma kwenda kuona kwamba nchi moja ni watu wengi. Ninachoomba ni kimoja: ukisema "nimefika 120," taja ni 120 za orodha ipi. Mtu mmoja huyohuyo anaweza kuwa na 120 kwa orodha ya klabu na chini ya 90 kwa orodha ya Umoja wa Mataifa, na hajadanganya popote.

Nimebadilisha ndege mara nyingi viwanja vikubwa, mara nyingine nikikaa saa nane. Nihesabu?

Hili ndilo lililoulizwa na wengi zaidi, na ndilo linalovunja urafiki.

Kanuni ya klabu iko wazi: ukitua umefika, hata kama ni meli imetia nanga kwa saa chache au ndege imeshuka kujaza mafuta. Kumbuka klabu ilizaliwa miaka ya 1950, zama ambazo safari ndefu ya ndege ilikuwa na vituo vingi njiani. Tena kanuni hiyo ina faida yake. Haina mlango wa mabishano: ulitua au hukutua?

Mimi sikubaliani nayo, na naomba wanaoifuata wasinichukie. Uwanja wa ndege upande wa wasafiri wapitao ni karibu uleule kila mahali, manukato yaleyale na viti vilevile. Aliyekaa humo saa nane amekaa katika jengo. Kipimo changu ni kwamba nipite uhamiaji pale panapohitajika, nitoke nje, nitembee barabarani, na nizungumze na angalau mtu mmoja ambaye kazi yake si kuhudumia wageni. Si kipimo kigumu, lakini kimenifanya nifute majina kadhaa kwenye orodha yangu, na sijutii.

Wapo waliojiwekea masharti makali zaidi. Thor Pedersen wa Denmark aliondoka kwao Oktoba 2013 akiwa na masharti matatu: akae kila nchi saa 24 au zaidi, asipande ndege kabisa, asirudi nyumbani mpaka amalize. Janga la korona lilimkuta Hong Kong, likamshikilia huko karibu miaka miwili. Alifika Maldives, nchi yake ya mwisho kati ya 203 alizojipangia, Mei 2023. Kwa masharti yake yeye, mapito yako yote ya uwanjani ni sifuri.

Kwa hiyo ukitaka kadi ya klabu, fuata kanuni ya klabu na usione haya. Ila daftari lako liwe na safu mbili, moja ya kutua na moja ya kufika. Baada ya muda utajua mwenyewe ni safu ipi unapenda kuwasomea watu.

Shikamoo. Mimi ni baharia. Nimefika bandari nyingi mno, lakini nyingine sikuruhusiwa kushuka melini. Je, zinahesabika?

Marahaba, mwanangu. Bandari uliyoshuka, hata kwa saa mbili kwenda kununua sabuni na kupiga simu nyumbani, ihesabu bila wasiwasi. Ile uliyoiona ukiwa sitahani huku makontena yakishushwa, kwa kanuni ya klabu ungeweza kuitetea. Kwangu mimi ningeiandika safu ya kutua.

Nakuomba usijidharau. Watu wa bahari hujiona hawana sifa ya kukaa na "wasafiri" kwa sababu walikwenda kikazi. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa zamani, alitoka kwao Tanja, Morocco, mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, nia yake ikiwa kuhiji, na alikotembea baadaye alifanya kazi, ukadhi ukiwemo. Alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 kwa upepo uleule uliowaleta wafanyabiashara. Hakuna anayeuliza leo kama alikuwa mtalii. Andika sasa majina ya meli ulizofanyia kazi na miaka yake, maana kitabu chako cha ubaharia ni ushahidi mzuri kuliko pasipoti za wengi.

Nilisoma Muungano wa Kisovieti, na nilipita Yugoslavia. Nchi hizo hazipo tena. Nimepoteza?

Hujapoteza, huenda umepata. Tazama ramani ya leo na ujiulize ulikanyaga wapi hasa. Kama ulisoma Kiev na ukatembelea Tbilisi likizo, hizo leo ni Ukraine na Georgia, nchi mbili. Usichoweza kufanya ni kudai nchi zote kumi na tano zilizozaliwa na Muungano wa Kisovieti kwa sababu ulikuwa na viza ya Moscow.

Ramani huongezeka pia mtu akiwa njiani. Graham Hughes, Mwingereza aliyezunguka nchi zote bila kupanda ndege, alianza Januari 2009. Sudan Kusini haikuwepo alipoanza, na ndiko alikomalizia, Juba, Novemba 2012.

Mume wangu ana nchi 71 na anataka 100 kabla ya kustaafu. Safari iliyopita tulikunywa chai Vienna, tukala mchana Bratislava, tukalala Budapest. Sikumbuki chochote isipokuwa mabegi. Nimwambieje?

Dada yangu, Vienna na Bratislava zimeachana kwa kilomita 60 hivi, kwa hiyo namwelewa aliposhawishika. Na wewe nakuelewa zaidi.

Usimwambie aache kuhesabu. Mtu aliyefika 71 haachi, na ukimlazimisha atakwenda peke yake au atanuna nyumbani. Mwombe mgawane safari. Siku za kuongeza namba ziwe zake: apange mabasi, mipaka na kukimbizana. Siku zinazobaki, angalau nusu, ziwe zako, na kanuni yake iwe kulala mahali pamoja siku nne au zaidi. Siku ya kwanza umepotea. Ya pili muuza matunda anakutambua. Ya tatu unajua basi gani linakwenda wapi. Ya nne mtu anakuuliza watoto wako hawajambo. Hayo hayawezi kupatikana kati ya chai na chakula cha mchana, na mumeo akiyaonja mara moja huenda asihitaji kuhubiriwa.

Tena mwambie hili kutoka kwangu: klabu haina tarehe ya mwisho. Nchi ya mia moja inapokelewa vilevile mwenyewe akiwa na miaka 60 au 80.

Pasipoti yangu inaombwa viza karibu kila mpaka. Hii si klabu ya matajiri wenye pasipoti nzuri tu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Sitaki kukupaka mafuta.

Mwenye pasipoti yenye nguvu anaamua Jumatatu, anaondoka Ijumaa. Wewe unatengeneza faili: barua ya mwaliko, taarifa ya benki ya miezi kadhaa, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi, bima, picha ya kipimo maalumu. Unasubiri miadi ya alama za vidole. Ukinyimwa viza ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ada hairudi. Kisha mnakutana mezani, wote mna nchi 40, na mnahesabiwa sawa. Hazifanani hata kidogo. Natamani klabu za namna hii zingeandika kando ya kila namba ni viza ngapi mtu aliomba ili kuifikia.

Njia ya busara kwako ni kuanza na jumuiya ambazo uraia wako unakufungulia. Raia wa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, kwa mfano, wanaruhusiwa kukaa siku 90 nchi za wenzao wanachama bila viza. Weka nchi zinazohitaji viza ngumu pamoja, ili faili moja lililokamilika lifanye kazi mara mbili tatu karatasi zikiwa bado hazijachakaa. Cheti cha homa ya manjano usikipoteze: tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote, hata kama kilichoandikwa juu yake ni miaka kumi.

Nahitaji mihuri kuthibitisha?

Usiitegemee. Ndani ya Schengen hakuna anayekugongea muhuri ukivuka kutoka nchi moja kwenda nyingine, na tangu Oktoba 2025 hata mipaka yao ya nje imeanza kuhamia kumbukumbu za kielektroniki. Israel hutoa kikaratasi badala ya muhuri. Andika daftari: tarehe, mpaka ulioingilia, ulipolala. Na tafadhali usigonge mihuri ya ukumbusho ya vivutio vya utalii ndani ya pasipoti. Kuna wasafiri waliozuiwa kupanda ndege kwa sababu hiyo.

Sisi ni marafiki kumi na wawili, hakuna hata mmoja mwenye nchi 100. Tunaweza kuanzisha yetu?

Anzisheni, na msisubiri mtu. Wekeni kiwango ambacho theluthi yenu wamekifikia tayari na wengine wanakiona kwa mbali: kumi, kumi na tano, ishirini. Chagueni orodha moja na muiandike. Kubalianeni kabla ya kikao cha kwanza kama uwanja wa ndege unahesabika, maana mkiliacha hilo mtalibishania kila mkikutana.

Kikao kiwe na mzungumzaji mmoja na nchi moja, dakika ishirini, picha zisizozidi kumi. Mzuieni mwenye picha mia nne, hata akiwa ndiye mwenye nyumba. Mwambieni aanze na jambo lililomshangaza, aeleze nauli, mpaka na mahali pa kulala, kisha aulizwe maswali. Maswali ndiyo kikao chenyewe, kwa hiyo yapeni muda mara mbili ya hotuba. Nimekaa katika mikusanyiko ya namna hii ambapo kijana mwenye nchi sita aliuliza mpakani wanabadilisha fedha wapi, na wazee wawili wenye nchi zaidi ya mia wakatoa majibu tofauti, mmoja akachora kivuko kwenye kitambaa cha karatasi, mwingine akamsahihisha geti liko upande gani.

Michango iwe midogo, na mwekahazina asiwe yule anayesafiri kila mwezi.