Usimkate bawabu, na mengine kwa wanaoanza dramaturgia

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wa dramaturgia, yaani kazi ya kumshauri mwongozaji kuhusu tamthilia na kuihakiki ikichezwa, nimemaliza kusoma tahakiki zenu za onyesho la mwisho, na nina neno. Kurasa kwa kurasa za dhamira, ujumbe, falsafa ya mtunzi, wahusika wakuu na wadogo, na hakuna hata mmoja aliyesema mwigizaji alisimama wapi. Kurasa zile angeweza kuziandika mtu aliyejifungia maktaba. Na wapo kati yenu waliofanya hivyohivyo, maana wamelisifu tukio ambalo mwongozaji alikwisha kuliondoa. Nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Fani na maudhui ilikuvusha mtihani wa fasihi. Hapa umepewa tiketi, na tiketi ina sababu yake. Shakwe, tamthilia ya Mrusi Chekhov, ilizomewa St. Petersburg mwaka 1896, mtunzi akaondoka akiapa kwamba hataandikia tena jukwaa. Mwaka 1898 ikachezwa Moscow, mikononi mwa waongozaji Stanislavski na Nemirovich-Danchenko, ikashangiliwa. Tamthilia ni ileile. Sasa wewe uliyeandika kuhusu dhamira peke yake, hebu tueleze kilichobadilika ni nini.

Anza na ulichokiona na kukisikia: taa zilitoka upande gani, nani alimpa nani mgongo, kimya kilidumu kiasi gani. Watu wakianza kukohoa kwa wingi, andika walikohoa kwenye mstari upi.

2. Acheni kumsingizia Aristotle. Kila mwaka naletewa "kanuni tatu za Aristotle": umoja wa tendo, wa muda na wa mahali. Alichosisitiza yeye ni umoja wa tendo. Kuhusu muda aligusia tu kwamba tanzia hujaribu kutozidi sana mzunguko mmoja wa jua, na kuhusu mahali hakuweka kanuni yoyote. Aliyezikaza zote tatu zikawa sheria ni Castelvetro, mhakiki wa Kiitaliano, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1570. Na ile piramidi ya Mjerumani Freytag ya mwaka 1863, mchoro wa msuko unaopanda hadi kilele kisha ukashuka, ilichorwa kwa ajili ya tanzia zenye sehemu tano. Ukiibandika kwa Beckett, ambaye wahusika wake hungoja tu na jambo lisitokee, utatafuta kilele mpaka walinzi waje kufunga ukumbi.

3. Kukata sehemu za tamthilia. Juzi nimemkuta mmoja wenu ameketi na kalamu nyekundu, anafuta ukurasa mzima huku uso umejaa raha. Nikamuuliza, huyu mtumishi anaondoka kwa nini? "Hasogezi msuko, dada." Tumbo likanikata. Jibu hilo niliwahi kulitoa mimi, kwa maneno hayohayo.

Ilikuwa Macbeth. Mwongozaji aliitaka bila mapumziko, na mimi dramaturgi nikakabidhiwa kazi ya kupunguza tanzia ambayo tayari ndiyo fupi kuliko tanzia zote za Shakespeare. Mnakijua kile kipande: mfalme Duncan ameshauawa, muuaji, Macbeth, na mkewe wanasikia mlango ukibishwa, halafu anatokea bawabu mlevi anayejifanya analinda lango la jehanamu. Anatania kuhusu pombe na mkojo, anajikokota, ndipo anafungua. Nikamwona mpuuzi. Nikaingia maktaba kutafuta wa kuniunga mkono na nikawapata: Coleridge, mshairi wa Kiingereza aliyeamini kwamba maneno yale mengi si ya Shakespeare, na Schiller, mtunzi wa Kijerumani ambaye katika tafsiri yake iliyochezwa Weimar mwaka 1800 alimwondoa mlevi akaweka bawabu mcha Mungu anayeimba wimbo wa asubuhi. Majabali mawili upande wangu! Nikakata. Nikaandika na aya nne za kuutetea uamuzi huo, zikachapwa kwenye kijitabu cha onyesho, na kichwa chake kilikuwa na nukta pacha, kama mjuavyo vichwa vya wasomi.

Mwanafunzi aliyekuwa bawabu hakuwa na nafasi nyingine. Nilimwarifu kwa meseji. Akajibu, "Sawa dada." Akapewa kazi ya kubisha mlango nyuma ya jukwaa, kwa sababu kule kubisha hakukatiki.

Mazoezini hakuna aliyeshtuka. Tulifanya vipande vipande, na Macbeth alikuwa na mikono mikavu kwa sababu mtu wa maleba hakutaka kufua damu kila siku. Zoezi la mwisho, lile lenye maleba na damu, lote liliishia kwenye kupanga taa.

Usiku wa kwanza, Macbeth anatoka mikono imelowa. Mlango unabishwa. Unabishwa tena. Hakuna wa kufungua, kwa hiyo Macduff, mkuu aliyekuja kumwamsha mfalme, baada ya kubisha weee, akajifungulia mwenyewe. Mistari miwili na Lennox, mkuu mwenzake, kisha mwenye nyumba, Macbeth, anatakiwa aingie kama mtu aliyeamshwa usingizini, safi, hana habari. Akaingia amevaa gauni la kulalia juu ya nguo zenye damu, mikono ameibana kwapani, maji mekundu yanachuruzika kwenye viwiko. Macduff akanyoosha mkono wa salamu. Macbeth akainama badala ya kuupokea. Kwenye safu za mbele mtu akacheka kwa pua, wa pili akafuata, na Macduff alipotoka chumbani akipiga ukunga kwamba mfalme amechinjwa, ukumbi mzima ulikuwa unajifuta machozi ya kicheko.

Nilikuwa nimekaa nyuma na kijitabu mapajani. Damu ningeisamehe, damu ni ajali. Kicheko ndicho kilichonimaliza, maana nilikitambua: kilikuwa cha bawabu. Watu wamebanwa pumzi tangu kisu kilipotolewa. Shakespeare aliwawekea mlevi wa kumchekea, ili wakishalegea ndipo wakabidhiwe maiti. Nilimwondoa mlevi, kicheko kikabaki bila kazi, kikaenda kumwangukia Duncan.

Na yote haya yalikwisha kusemwa. Edward Capell, mhariri wa Shakespeare, aliandika tangu karne ya 18 kwamba kipande kile kinampa mwigizaji muda wa kunawa na kubadili nguo. De Quincey, mwandishi wa insha wa Kiingereza, mwaka 1823 alitunga insha nzima kuhusu kule kubishwa kwa lango, jinsi kunavyouamsha tena ulimwengu wa kawaida baada ya mauaji. Vitabu hivyo vilikuwa kwenye rafu ileile niliyomtoa Coleridge. Mimi nilisoma mpaka nilipompata anayekubaliana nami, nikafunga kitabu.

Usiku wa pili bawabu alirudishwa. Mistari yote alikuwa nayo kichwani, hakuwa ameiacha. Watu wakacheka palipostahili, na mfalme alipogunduliwa ukumbi ulinyamaza kweli. Vijitabu vipya hatukuwa na hela ya kuchapa, kwa hiyo kila mtazamaji alikuwa na aya zangu nne mkononi zikimweleza kwa nini bawabu hayumo, huku bawabu yumo mbele yake. Mwenyewe aliingia na nakala moja jukwaani, akawa anajipepea nayo huku akitafuta funguo. Nilistahili.

Kabla ya kukata, basi: uliza nani anabadili nguo, muda gani unapita, na watazamaji wametoka kuona nini. Na kipande ulichokikata kisomwe kwa sauti mara moja mbele ya waigizaji wote, kabla ya kijitabu kwenda kwa mchapaji.

4. Maoni yako yapitie kwa mwongozaji. Ukimnong'oneza mwigizaji kwenye ngazi, unaongoza onyesho la pili ndani ya la kwanza.

5. "Aliigiza vizuri." Vizuri vipi? Alimeza mwisho wa sentensi? Alisikiliza wenzake walipozungumza, au alisubiri zamu yake? Najua mnaogopa kununiwa. Lessing, mtunzi na mhakiki wa Kijerumani, alipoajiriwa na jumba la maonyesho la Hamburg mwaka 1767 alianza kwa kuwahakiki waigizaji bila kuwaficha. Wakalalamika, akaacha, akabaki na tamthilia na nadharia. Jumba lenyewe halikufika mbali, mwaka 1769 lilikuwa limeshafungwa, na tahakiki zake zile bado mnapangiwa kuzisoma muhula huu. Kwa hiyo mwigizaji akikununia, umeingia kwenye ukoo wa heshima. Ila mnunie naye ukiwa na ushahidi.

6. Onyesho la rafiki usilihakiki. La uliyeachana naye ndiyo kabisa, hata ukijiona umepoa. Mpe mwenzako tiketi.

7. Ukikutana na mwigizaji mlangoni baada ya onyesho, sema hongera na umpishe. Ana njaa, ana rangi usoni, na anakumbuka mstari alioukosa kuliko wewe ulivyouandika. Tahakiki ataisoma ikitoka. Na ikishatoka, tafadhali, msimpigie simu kumuuliza ameionaje.