Barua ya ukaribisho haifunguliwi: je, ninunue anwani 20,000?

SWALI: Nachoma na kuuza kahawa ya Bugisu hapa Mbale. Kwenye maonyesho ya kilimo Jinja, watu 340 waliniandikia barua pepe zao daftarini ili niwatumie mwongozo wa kupika kahawa bila mashine, na habari zangu za kila mwezi. Wiki tatu baadaye niliwatumia barua ya kuwakaribisha, wakaifungua wachache sana. Sasa kijana mmoja wa Kampala ananiuzia anwani 20,000 kwa shilingi 300,000, pamoja na barua ya ukaribisho iliyo tayari. Ninunue?

JIBU: Usinunue, dada. Hao 340 ni mali kuliko hao 20,000, na barua uliyoniambatishia inaonyesha wazi kwa nini hawakuifungua.

Kichwa chake kinasema "KARIBU KWENYE FAMILIA YETU!!!" Mtu aliyeonja kahawa yako wiki tatu zilizopita, katikati ya vibanda chungu nzima, atajuaje ni familia ya nani? Andika "Mwongozo wa kahawa niliokuahidi Jinja". Ndani, mwongozo wenyewe umeuweka chini ya picha tisa na historia ya kampuni. Upandishe juu kabisa. Fuatisha mistari miwili ya kumkumbusha mlikutana wapi na utamwandikia mara ngapi, kisha swali moja: "Nyumbani unapikia nini, sufuria au birika?" Akikujibu, umempata. Bei na ofa zisubiri barua ya pili. Na siku nyingine usingoje wiki tatu. Barua hii itoke siku ileile, ikiwezekana dakika ileile mtu anapojiandikisha, akiwa bado anakukumbuka.

Jambo jingine: unatumia huduma ya kutuma barua za wingi huku anwani yako ikiishia gmail.com. Hapo Gmail haiwezi kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako, na nyingi zitaangukia kwenye taka (spam). Lipia kikoa chako, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni linaloishia .ug au .com, kisha fundi akuwekee rekodi za SPF, DKIM na DMARC, ambazo huthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli.

Sasa huyo kijana. Watu wa namna yake nawaona kila mara, na wanaokuja kwangu baada yao huja wakilia. Wote wameaminishwa kitu kimoja: kwamba barua pepe ni kama vipeperushi vya kwenye taksi, ukigawa vingi hutakosa wanunuzi. Sivyo. Kipeperushi kikitupwa, hasara yako ni karatasi. Barua ikitupwa kwenye taka, alama inabaki kwenye jina lako, na barua zako zinazofuata zinalipa deni hilo, hata zile za wateja waliokuomba wenyewe.

Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Piga hesabu: kwa barua 20,000, watu 60 tu wakibonyeza "hii ni taka" umeshafika mpaka. Sitini, kati ya watu wasiokujua kabisa! Tena orodha hizo zimejaa anwani zilizokufa, na nyingine ni mitego iliyowekwa makusudi kuwanasa wanaotuma bila ruhusa.

Kuna sheria pia. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Inataka ridhaa ya mwenyewe kabla ya kuchukua taarifa zake, na inampa haki ya kukataa zisitumike kumtangazia biashara. Daftari lako la Jinja ni ushahidi wa ridhaa, lihifadhi vizuri. Faili la kijana huyo halina ushahidi wowote, na atakayeulizwa ni wewe uliyetuma.

Nawaambia na wengine mnaosoma hapa: muuzaji akiapa kwamba watu wake "wamekubali kupokea barua", mwambie afungue faili mbele yako. Chagua mstari wowote, tuseme wa 17. Muulize huyu alijiandikisha wapi, siku gani, na kupokea nini. Nimewauliza wengi swali hilo, na hadi leo hakuna aliyenionyesha.